Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mhuri wa maktaba unanitaka nikirudishe
tarehe kumi na tisa Juni, sabini na tisa.
Sijakirudisha. Wala sikukisoma.
Niliishia ukurasa wa arobaini na moja,
pale bwana mmoja anapopalilia pamba,
anapalilia,
kurasa sita anapalilia,
na pembeni nimeandika kwa penseli,
mwandiko wa kidato cha pili:
HAPA HAKUNA KITU.

Siku hizo nilitaka damu.
Nilitaka mpelelezi mwenye koti na bastola,
na mwanamke wa sigara anayejua siri.
Bwiru, bwenini, taa zikizimwa saa nne,
tulisoma kwa tochi chini ya shuka,
wadudu wa ziwa wakiufuata mwanga
hata ukifunga kitabu unawabana humo humo.
Mvua ikinyesha kwenye hadithi, niliiruka.
Machweo niliyaruka. Ya nini?
Yalikuwa dirishani, juu ya maji,
ya bure, kila jioni.

Kisha nikataka mapenzi. Sisemi mengi.
Vitabu vyembamba vya karatasi ya kahawia
nilivinunua Makoroboi, kwa Mbuke,
aliyevifunga kwenye gazeti kama nyama.
Nilipompata Lugembe nikamwona bubu.
Kwenye vitabu vyangu hakuna mwanamume aliyenyamaza vile.
Ilinichukua miaka kumi na moja kumsoma,
naye kaandikwa kwa maneno machache tu,
yote ya kazi:
umekula, nitarudi, funga mlango.

Halafu ile miaka ambayo mtu akiniuliza nasoma nini
ningemjibu, lebo.
Kijiko kimoja mara tatu kwa siku.
Tikisa kabla ya kutumia.
Ripoti za shule. Daftari la stoo ya pamba, Igogo,
marobota yaliyoingia, marobota yaliyotoka.
Barua ya kupunguzwa kazini
niliisoma mara nne, nikitafuta ukurasa wa pili.

Nikaanza kununua gazeti kwa ajili ya tanzia.
Si ubaya. Ndiyo riwaya fupi kuliko zote:
jina, picha iliyokatwa kwenye harusi ya mtu mwingine,
orodha ya wanaobaki.
Humo nilimkuta Mbuke.
Hawakuandika vitabu. Waliandika “mfanyabiashara.”
Lugembe sikumpeleka gazetini.
Wanatoza kwa neno,
naye mwenyewe hakupenda mengi.

Mwaka huu tulisogeza kabati kumpisha fundi wa dari,
kitabu kikaanguka.
Nikavaa miwani niliyopewa Bugando
nikaanzia pale nilipoachia.
Bwana anapalilia. Tuta kwa tuta.
Mkewe alikufa ukurasa wa thelathini na nane,
sentensi moja, katikati ya aya ya bei ya mbegu;
nikiwa na miaka kumi na tano niliipita kama nzi.
Na shamba lenyewe halikuwa na magugu.
Imeandikwa, wazi kabisa, mstari wa pili.

Mjukuu wangu Limi akaniuliza kinahusu nini.
Nikamsomea. Alisikiliza kwa adabu,
kidole gumba juu ya simu
anamosoma habari za jini lililompenda mwanachuo.
“Bibi, mbona hapo hakuna kitu?”
Sikubishana.
Nikamwomba anisimulie jini lake limefikia wapi.
Limefikia pabaya.
Tulichelewa kusonga ugali.

Kitabu nitakirudisha Jumatatu, kama si Jumatano.
Nimepiga hesabu ya faini, nikaiacha njiani.
Ile penseli ya pembeni sikuifuta.
Yule msichana alikuwa na haki yake:
alikuwa na tochi,
na betri zilikuwa zinakwisha.