Tupa

Usinionyeshe rangi, Cirimwami.
Rangi ninayo hata mimi, kopo zima nyuma ya mlango.
Lete hiyo ekseli kwenye mwanga,
niipitishie tupa ubavuni.

Tupa ikiteleza, ikilia kama kisu juu ya sahani,
lipa, uende.
Ikiuma, ikaniachia unga wa kijivu kidoleni,
umeuziwa bomba la maji
lililovaa koti la harusi.

Hapa Essence wananiita mjane wa Mugisho.
Sawa. Tupa ni yake.
Mpini ni wangu, nimeuchonga kwa mkaratusi;
ule wa kwanza ulioza kwa jasho lake.

Aliniambia: feleji ukiipika ikaiva mpaka kiini,
umetengeneza kioo.
Ngumu, ndiyo, hadi shimo la kwanza.
Usipoipika, inajikunja kama mshumaa karibu na jiko.
Ekseli ya kweli imeungua ngozi tu,
unene wa ukucha,
ikatumbukizwa mafutani ikapiga kelele mara moja,
na ndani imebaki laini,
ndani inakubali kutikiswa.
Alisema hivyo akitafuna muhindi wa kuchoma,
hakuwa mtu wa mahubiri.

Unaikumbuka ile ya mwaka juzi?
Kona ya tatu ya Ngomo, mvua ya Aprili,
pikapu imejaa mchele wa Kamanyola,
gurudumu likatangulia kushuka bondeni
bila kukuaga.
Ulirudi Bukavu na kipande begani
kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.
Na Ntakwinja, kijana wako wa kupakia:
goti lake hadi leo linaijua mvua kabla ya mawingu.

Kipande nilikiosha kwa petroli.
Pale kilipokatika palikuwa na mistari,
mmoja nyuma ya mwingine,
kama maji ya ziwa yanavyoandika mchangani Muhumba
yakirudi nyuma.
Hakikuvunjika siku ile.
Kilianza kuvunjika siku nyingi, kimyakimya,
wewe ukipiga honi, ukisalimia watu.

Sasa nikwambie, maana umesimama
na dukani hakuna mwingine.
Ile ekseli niliiuza mimi.
Mugisho alikuwa na wiki tano kaburini,
shule imemfukuza Nabintu kwa ajili ya karo,
na wewe ulikuwa na dola sabini mkononi.
Tupa ilikuwa hapa, juu ya msumari huu.
Niliiona.
Nikachukua kitambaa, nikafuta vumbi kwenye rangi,
nikakufungia kwa gazeti.

Usiseme kitu kwanza.
Goti la Ntakwinja nalilipia kidogo kidogo,
mama yake anadhani ni deni la marehemu.

Shika upande ule. Kaza mkono.
Pikipiki ile ipite kwanza,
nataka kusikia vizuri.