Futi Elfu Ishirini Juu ya Maweni

Kompyuta ilikuwa ya Mtaliano
aliyeuza nyumba akarudi kwao kwenye baridi,
akamwachia Chivatsi mashine, usukani, pedali mbili za miguu,
na ndege ya injini nne iliyozeeka kabla sijazaliwa.
Ndege haina uzito. Inakaa ndani ya diski.
Lakini ina mitungi ya manjano chini ya sakafu,
ina bomba, ina barakoa, ina geji yenye mshale,
na kijicho kimoja, cheupe na cheusi,
kinachofumba na kufumbua rubani akivuta pumzi.

Siku aliyokufa mara ya kwanza nilikuwa namenya viazi.
"Shangazi, njoo uone, nimefika elfu ishirini!"
Alikuwa anacheka.
Pembe za skrini zikaingia giza polepole,
kama sufuria inayofunikwa na mtu asiye na haraka.
Kisha bahari ikainuka, yote.
"Imeharibika," akasema.
Nikaangalia kijicho. Kilikuwa kimefumba.
"Haijaharibika. Hukufungua hewa."

Mimi kazi yangu ni hewa.
Miaka kumi na mmoja, wodi ya wanaume, zamu ya usiku,
nasukuma mitungi kwa kigari chenye gurudumu bovu
linalowaamsha hata wasiougua.
Naijua goroli ndani ya kineli cha kioo,
inavyoelea kwenye mbili, kwenye tano,
na maji ya chupa yanavyotokota bila moto.

Basi jioni, kabla sijavaa sare, namsomesha.
"Mshale?"
"Mia nne."
"Kijicho?"
"Kinafumba, kinafumbua."
"Swichi ya mchanganyiko?"
Hapo hukuna kichwa.
Ikiwa huku, rubani anapewa ya mtungi na ya nje pamoja, mtungi ukadumu.
Ikiwa kule, anapewa tupu, safi,
na mtungi unaisha kama mshahara.
"Sasa nani alikuwa akiamua, shangazi, watu wakiwa wengi?"
Nikamwambia aangalie mwendo wake.

Sikumwambia usiku ule lori la mitungi lilipokwama njiani.
Mtungi mmoja. Vitanda viwili.
Daktari alikuwa chumba cha upasuaji,
na mkono uliokuwa kwenye vali ni huu unaomenya viazi.
Kitanda cha saba, Ngowa, fundi wa majokofu:
nikamshusha kutoka tano hadi mbili
ili kijana wa kitanda cha tisa apate chochote.
Ngowa akaniambia utani kuhusu friji ya mke wa chifu.
Akacheka. Akacheka tena, mahali pasipo na utani.
Nikatazama kucha zake.
Lori lilifika saa kumi na dakika kumi alfajiri.
Kitanda cha saba nilikuwa nimeshakitandika.

Jana Chivatsi alipaa vizuri.
Elfu kumi, barakoa. Elfu kumi na tano, akataja mshale bila kuulizwa.
Chini, Malindi ya mchezo ni bapa, kijani tupu;
uwanja wa ndege upo, mto Sabaki upo,
wamekumbuka hata ule wekundu unaomwagika baharini.
Maweni haipo. Hospitali haipo.
Elfu ishirini. Kijicho kikafumba, kikafumbua,
na mimi nyuma ya kiti chake, kisu mkononi,
nikawa navuta pumzi pamoja nacho,
ya baridi, isiyo na chumvi wala moshi wa mkaa.

Ndipo stima ikakatika.
Feni ikazunguka mizunguko mitatu ya mwisho.
Gizani nikamwona Chivatsi anapeleka mkono usoni,
anavua kitu ambacho hakukivaa.
"Tokeni zimeisha," akasema.
Nikataka kumjibu
nikagundua bado sijapumua.