Malaika wa Mkono wa Kulia

Sindano ya kwanza nilichomwa nikiwa na miaka mitano,
siku ya mulidi, nje ya ukuta wa monasteri,
mama kanibana kichwa kati ya magoti yake:
msalaba mdogo wa buluu, ndani ya kifundo cha mkono.
Nililia hadi wakaninyamazisha kwa njugu za sukari.

Leo nina hamsini na minne. Msalaba uko palepale,
ngozi iliyouzunguka ndiyo iliyohama.
Ajabu ya wino: rangi ya kununua imekaa,
rangi niliyozaliwa nayo imetoroka bila kuaga
kama mpangaji mwenye deni la kodi.

Nauza tiketi stesheni ya Assiut, dirisha la tatu.
Abiria huilaza noti kwenye marumaru
na kuisukuma kwa ukucha mmoja.
Siwalaumu. Zamani nami nilimfanyia hivyo muuza ndimu mmoja;
sura yake siikumbuki, naikumbuka mbalanga yake.

Kliniki ya Daktari Ghada iko juu ya duka la njiwa,
ngazi zanuka manyoya na mtama.
"Mkono wa kushoto," akasema, "marhamu peke yake.
Wa kulia, sindano kwanza, ndipo marhamu."
"Kwa nini usiitibu yote miwili sawa?"
"Niiache ibishane yenyewe."

Akanipaka ganzi, akanifunga nailoni kama jibini.
Kisha ile kalamu yake: sindano kumi na mbili mdomoni,
ikinguruma kama nyuki ndani ya kopo.
Damu ikachungulia, vitone, umande mwekundu,
naye akasugua dawa juu yake,
dawa ambayo kwingine hutumwa kupigana na saratani.
"Mlango ukiwa wazi," akasema, "dawa haipigi hodi."
"Na msalaba?"
"Nitauzunguka."

Mwezi mzima ni wekundu na kuwasha.
Wa pili, maganda. Safaa akakung'uta shuka, akaguna.
Mara ya tatu nililipa kwa hasira, sikungoja chenji.

"Rangi hurudi kwa njia ya malaika," alinieleza,
vinyweleo vile laini visivyoonekana ila juani;
kwenye shina la kila kimoja imejificha mbegu.
Ncha za vidole hazina malaika.
Hilo alilisema polepole, akikaza kifuniko cha marhamu,
nami nikaelewa ni nini sitarudishiwa.

Jana usiku Safaa kavaa miwani, kashika njiti ya kiberiti,
anauhesabu mkono wa kulia chini ya taa ya jikoni.
Wa kushoto umelala mezani, mweupe, kimya,
kama mtoto ambaye hakuletewa zawadi.
"Kumi na saba."
"Kumi na nane. Hicho hapo, kando ya msalaba."
"Hilo doa la kahawa, Wanis."
Akalamba kidole gumba, akasugua.
Akasugua tena, kwa nguvu za kusugulia sufuria.

Halikutoka.