Chini ya Kitanda cha Sita

Ilianzia kwenye nyayo, Jumapili,
ganzi kama ya mtu aliyekalia mguu wake ibadani.
Jumatano ikafika magotini.
Ijumaa kikombe cha chai kikamponyoka Nandudu
akakitazama kinavyovunjika
kama kikombe cha nyumba ya jirani.

Mimi ni mke mwenzake.
Naanza na hilo, msije mkadhani nilikwenda kwa mapenzi.
Mama yake hana tena nguvu za kugeuza mtu,
na Wamono, mume wetu, harufu ya hospitali humtia kizunguzungu.
Basi nikateremka Mbale na mkeka, beseni,
na daftari la kurasa thelathini na mbili nililonunua langoni,
maana hapa faili la mgonjwa ni la kujinunulia.

Okiror, daktari mwanafunzi, kijana wa Kumi,
akaligeuza daftari, akachora nyuma ya jalada
mstari mmoja mrefu.
Huu ni mshipa wa fahamu, akasema,
ndio upelekao amri: inuka, shika, kanyaga.
Kisha akauzungushia vijistari, tabaka juu ya tabaka,
nami nikaona malewa, chipukizi la mwanzi wa mlimani kwetu,
lilivyojivika ganda ndani ya ganda.

Na hivi?
Seli za glia, akasema. Hazitoi amri.
Hizi huuvika mshipa. Kule kichwani wapo ndugu zao:
wengine hulisha, wengine huzoa taka,
wengine hunyoosha vidole kama nyota
wakasikiliza mazungumzo yasiyo yao.
Jina lenyewe maana yake gundi.
Wataalamu wa kale walidhani ni ulimbo tu
wa kushikilia vitu vyenye kazi.

Nikamwuliza: gundi gani inayolisha?
Akacheka, akaangalia saa.

Kumbe lile tumbo la kuhara, wiki mbili kabla,
ndilo lililoleta haya.
Askari wa mwili walitoka kufukuza wadudu,
wakarudi wamelewa ushindi
wakauvua mshipa wake nguo.
Mshipa wenyewe mzima, akasema. Uko uchi tu,
na habari zinamwagika njiani.

Ukutani wameandika: vitanda ishirini na vinne.
Saa sita ya usiku kuna wodi nyingine, chini ya ile,
mikeka, chupa za chai, visigino vilivyopasuka,
mtu anakohoa na shuka mdomoni asiamshe wa juu.
Kila saa mbili namgeuza Nandudu.
Ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia.
Namfuta. Namsugua nyayo kwa mafuta ya kupikia.
Mgongo huu ulinigeukia miaka tisa
kwa sababu ya mbuzi mmoja na mistari minane ya kahawa;
sasa najua kila baka lake.
Kukicha, madaktari wakubwa wanapopita,
tunaambiwa tutoke nje, sisi na mabeseni yetu,
wodi ipate nafasi.

Itachukua muda gani? nilimwuliza Okiror.
Seli zilezile hujipanga kando ya mshipa, akajibu,
kila moja na kipande chake kidogo,
zinaanza kuviringisha upya.
Kwa mwendo gani?
Polepole, mama. Polepole sana.

Wiki ya nne, hakuna.
Wiki ya tano mvua, hakuna,
Wamono akatuma ndizi na salamu.
Wiki ya saba kidole gumba cha mguu wa kushoto
kilitikisika. Mara moja.
Tulikikodolea macho sote wawili
kama kifaranga kinachotoboa yai.

Yeye akanyamaza. Mimi pia.
Halafu, macho yake yakiwa darini, akasema:
"Kata kucha zako. Usiku ukinigeuza, zinanikwaruza."

Zinamkwaruza!
Nikaenda kitanda cha tano kuazima wembe.