Mikono Mfukoni

Theluji imeziba dirisha la ghorofa ya nne,
Miskolc yote imejifunika gubigubi,
na Boróka, miaka miwili kasoro mwezi,
amelala kifudifudi juu ya zulia
akijaribu kuchopoa kifuniko cha sufuria
chini ya kabati.

Nami babake nimesimama mlangoni,
kitambaa cha vyombo begani,
vidole vinaniwasha.
Ni inchi mbili tu. Ningeinama, ningekivuta,
ningempa, naye angenilipa kicheko,
na mchezo ungekufa papo hapo
kama moto uliomwagiwa maji kwa wema.

Basi natia mikono mfukoni.

Jumapili mama yangu, Piroska, alileta mdoli
anayeimba, anayewaka macho, anayehesabu hadi kumi.
"Mtoto asikae bure," alisema.
Boróka alimsikiliza hadi tano,
akamlaza uso chini,
akaenda zake na boksi lililomleta.
Tangu hapo boksi ni nyumba, ni mtumbwi, ni kofia.
Jana lilikuwa ng'ombe. Sikuuliza.

Zamani nilikuwa nauliza kila kitu:
Hii rangi gani? Hivi vibanio vingapi?
Nilimpigia makofi akipanda hata kidato kimoja,
mpaka akawa hapandi
bila kugeuka kwanza kuitafuta mikono yangu.
Hilo ndilo lililonishtua.

Kifuniko kimekwama. Anaguna.
Anatoa neno moja ambalo, nakiri, alilidokoa kwangu.
Anakaa kitako, ncha ya ulimi nje,
ndivyo afikirivyo,
kisha anainuka, ananipita
kana kwamba mimi ni mwimo wa mlango,
anaingia jikoni, anarudi na mwiko.

Kwang'!

Kimetoka. Kinabingirika, kinayumba,
kinazunguka duara dogo, dogo zaidi,
kinalala.
Nangoja anitazame.
Hanitazami.
Anakisukuma tena chini ya kabati
kwa mwiko uleule, mpaka ndani kabisa,
aanze upya.

Supu imeshika chini, nyumba nzima inanuka.
Jioni Emőke atavua buti zake, atanusa,
ataniuliza nilikuwa na kazi gani mchana kutwa.
Nitamwambia: kazi ngumu, mke wangu.
Nilikuwa nimeshika mikono yangu mwenyewe.