Msimamizi wa Upepo

Jina lake Dursun, maana yake *abaki*:
watoto watatu walitangulia kaburini,
yeye, wa nne, mama akamtia kamba ya jina.
Miaka thelathini na mmoja chini ya Zonguldak
hakushika sururu. Alishika kipima upepo,
akiita namba gizani, mwenzake akiandika
hewa inafika wapi, inaishia wapi.

Leo ngiri imejikaba. Mimi ndiye mwenye nusukaputi.
Nikamwambia: mapafu yako, mzee, yamechakaa,
dawa itachelewa. Akacheka, kicheko kikawa kikohozi,
akachora kwa kidole juu ya shuka:
"Huu mkondo mkuu, hapa upepo unakimbia.
Hivi vichochoro tulivihama.
Gesi haina haraka ya kuingia humo, binti,
na ikishaingia, haina haraka ya kutoka."

Nafungua mvuke, mtamu kama tunda lililopitiliza.
Skrini inasema asilimia mbili. Inasema habari
za vifuko vyepesi, vinavyojibu upesi
kama wanafunzi wa dawati la mbele.
Vya nyuma bado havijasikia swali.
Damu inapita kwao inatoka mikono mitupu,
inachanganyika na iliyoshiba,
na ubongo unapokea huo mchanganyiko,
si ile namba ya kijani.
Kope zinacheza. Nangoja.
Naitia mashine adabu: ingiza; toa, toa, toa,
maana pumzi isiyomaliza kutoka
nyingine itaikalia kichwani.

Saa nzima na dakika kumi. Daktari Tuncay anafunga uzi wa mwisho.
Mvuke nilikwisha kuufunga mapema, najiona mjanja.
Moja. Nusu. Karibu na sufuri.
Kwa namba, Dursun yuko macho.
Kwa Dursun, bado.
Şengül, muuguzi, ananitazama, kisha anatazama saa.
Nje, Hacer na chupa yake ya chai; ya tatu sasa.

Vichochoro vinalipa deni kwa senti,
senti,
halafu hakuna,
halafu senti.

Hatimaye anameza, anakunja uso, natoa mpira kooni.
Dakika ya ishirini na sita kidole kinasogea
juu ya shuka, kinatafuta mkondo.
"Namba?" anauliza, sauti ya kokoto.
Sufuri, namwambia.
Anaielekezea mashine kidevu: "Mwongo huyo,"
anasema, na kulala tena,
usingizi wake mwenyewe, usio na harufu.