Kiti Kifike Kitovuni

Kiti kifike kitovuni, Oiva, si chini ya hapo.
Uwanja wa magongo hapa Joensuu hauna barafu tena,
Mei imeiyeyusha, imebaki lami
na mbao za pembeni zenye makovu ya mechi za baridi.
Zishike hizo.
Mimi nitakushika kiwiko, tena kwa vidole viwili.

Uzito wote kipe kiti, kaa kitako hasa.
Miguu itataka kusimama, ndiyo tabia ya miguu.
Ikanyage kidogo tu,
kama mtu apitaye sebuleni wageni wamelala.

Haya. Gurudumu limechomoka mbele, wewe nyuma,
na pedali imekung'ata muundi.
Nilikwambia uvae vikinga
ukasema akina Eemil watakucheka.
Damu kidogo. Inuka.

Una miaka kumi na mitatu, na tangu Januari
hunijibu ila kwa mabega.
Leo umeniita mama mara tisa, nimehesabu,
kila mara hiki chombo kilipokusaliti.

Usitazame chini. Tazama lile goli lenye wavu uliochanika.
Ukiogopa kwenda, utaanguka;
inama mbele, anza kuanguka kwa hiari yako,
halafu kanyaga, gurudumu likuwahi.

Saa nne usiku, jua linagoma nyuma ya misonobari.
Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa
tatu,
mbao umeziacha, hujui kama umeziacha,
na vidole vyangu viwili viko hewani
havijajua pa kwenda.